Kufufua mji kwa bustani za umma, miti na vigae vya udongo: mwongozo kamili

Miradi mingi ya kupendezesha miji haifi kwa kukosa fedha za kuanzia. Hufa miezi michache baada ya uzinduzi, wakati miche imekauka, vigae vya pembeni vimebanduka na eneo lililokatiwa utepe limegeuka jalala. Karibu kila mara sababu ni zilezile: hakuna aliyepiga hesabu ya maji, na hakuna aliyepewa kazi ya kutunza. Ndiyo maana mwongozo huu unatanguliza maji na mtunzaji, kisha udongo na mimea. Sanaa ya vigae inafuata, ingawa ndiyo itakayovuta macho ya wageni.

Chagua njia moja, usitawanye

Bustani tano zilizotupwa katika pembe tano za mji hazibadilishi kitu. Bustani tano ndogo zilizopangwa kwenye njia moja, kila moja ikionekana kutoka kwa mwenzake, huwafanya watu waendelee kutembea, na palipo na watembea kwa miguu ndipo maduka yanapofunguliwa. Awamu ya kwanza isizidi njia ya mita 400 hadi 500, yaani mwendo wa dakika sita hivi.

Kabla ya kuchagua njia hiyo, hesabu watu. Simama mahali pamoja kwa dakika 15 na uandike wote wanaopita kwa miguu. Fanya hivyo asubuhi, mchana, jioni na baada ya giza, siku ya kazi na siku ya mapumziko. Zidisha kila hesabu kwa nne upate idadi ya saa nzima. Andika pia wanaokaa ni wangapi, wamekaa wapi na wamefuata kivuli gani. Tunza fomu pamoja na saa na mahali uliposimama, kwa sababu hesabu hii itarudiwa vilevile baada ya mwaka mmoja, na bila hiyo hutaweza kumthibitishia mtu yeyote kwamba mji umebadilika.

Kwenye ramani ya njia hiyo weka alama za mabomba na nyaya za chini, nyaya za juu, mitaro ya mvua, mabomba ya maji yaliyopo na mmiliki wa kila ukuta na kila kiwanja. Kwa kila ukuta utakaobandikwa vigae pata makubaliano ya maandishi: kazi itakaa kwa muda gani, nani ataikarabati, na itakuwaje jengo likiuzwa au kubomolewa. Makubaliano ya mdomo huisha siku mmiliki anapobadilika.

Usidharau viwanja vilivyotelekezwa. Mjini Philadelphia, Marekani, viwanja vya aina hiyo viliondolewa taka, vikasawazishwa, vikapandwa nyasi na miti michache, kisha vikawekewa ua mfupi wa mbao wenye nafasi ya kuingilia. Hakuna zaidi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018, ambao viwanja vyake vilichaguliwa kwa bahati nasibu, ulionyesha kwamba katika vitongoji maskini matukio ya bunduki karibu na viwanja hivyo yalipungua kwa asilimia 29. Ua ule mfupi ulifanya kazi kubwa: uliwaonyesha wapita njia kuwa mahali pale pana mwenyewe, na ulizuia magari ya kumwaga taka.

Piga hesabu ya maji kabla ya kununua mche hata mmoja

Kanuni ni nyepesi. Milimita moja ya maji kwenye mita moja ya mraba ni lita moja. Vitalu vya maua na vichaka vinahitaji takriban milimita 25 kwa wiki wakati hakuna mvua, yaani lita 25 kwa kila mita ya mraba. Mti mchanga wa mjini hunywa lita 40 kwa mkupuo, mara mbili kwa wiki katika msimu wa kwanza wa kiangazi, kisha mara moja kwa wiki hadi utimize miaka miwili au mitatu.

Chukua mfano wa njia yenye mita za mraba 200 za vitalu na miti 60:

- vitalu: 200 × 25 = lita 5,000 kwa wiki
- miti: 60 × 40 × 2 = lita 4,800 kwa wiki
- jumla: lita 9,800 kwa wiki

Mpira unaotoa lita 15 kwa dakika utazimaliza lita hizo kwa saa 11 hivi. Hapo hujahesabu kuuburuta mpira kutoka mti hadi mti. Maana yake ni kwamba kumwagilia peke yake kunakula zaidi ya siku moja ya kazi ya mtu mmoja kila wiki, na kazi hiyo haina likizo. Ikiwa huwezi kutaja jina la mtu huyo na mshahara wake utakakotoka, punguza miti hadi idadi utakayoimudu. Miti 20 hai ni bora kuliko vijiti 60.

Maji ya paa husaidia, lakini yasikudanganye. Paa la mita za mraba 300 likipata mvua ya milimita 20 hutoa 300 × 20 × 0.8 = lita 4,800, kwani takriban asilimia 20 hupotea. Hiyo ni nusu tu ya hitaji la wiki moja katika mfano wetu. Tangi la paa linafaa kuziba pengo la siku chache za ukame. Halitabeba kiangazi kizima.

Njia nzuri zaidi ni kuyafanya maji ya mvua yaingie kwenye vitalu yenyewe. Shusha kitalu sentimita 10 hadi 15 chini ya usawa wa njia, na kila baada ya mita tatu hivi acha mwanya wa sentimita 30 kwenye ukingo wa barabara ili maji ya lami yatiririkie ndani. Mbele ya kila mwanya panga mawe ya ukubwa wa ngumi, la sivyo mvua ya kwanza itachimba korongo na kusomba mboji yote. Katika bustani ya Park Güell mjini Barcelona, Hispania, iliyojengwa kati ya mwaka 1900 na 1914, maji ya mvua ya uwanja mkubwa huchujwa na tabaka za chini yake, hushuka ndani ya nguzo na kuingia kwenye tangi la ardhini. Watalii hupiga picha benchi la vigae lililo juu. Mfumo wa maji ulio chini yao hawauoni.

Nyasi ziwe chache. Hunywa maji mengi, hudai kukatwa kila mara, na hazitoi kivuli. Zipande pale tu ambapo watoto watacheza au watu watakaa.

Udongo wa mjini si udongo

Chini ya njia za mji mara nyingi kuna kifusi kilichoshindiliwa: vipande vya matofali, saruji na chokaa. Udongo wa namna hiyo hauruhusu maji kupenya, na chokaa yake hufunga madini ya chuma. Dalili yake ni majani machanga kugeuka manjano huku mishipa ikibaki kijani. Watu wengi huona dalili hiyo wakaongeza mbolea, na hakuna kinachobadilika kwa sababu tatizo ni ukali wa chokaa.

Jaribu upenyaji wa maji. Chimba shimo la upana na kina cha sentimita 30, lijaze maji, acha yanywewe, kisha lijaze tena na upime. Yakishuka chini ya sentimita 2.5 kwa saa, mizizi itazama na kuoza. Vunja tabaka gumu kwa sululu hadi sentimita 60, au panda kwenye kitalu kilichoinuliwa. Yakishuka zaidi ya sentimita 10 kwa saa, ardhi ni ya kichanga mno na itahitaji mboji zaidi.

Kwa vitalu vya kawaida:

1. Ondoa kifusi na ulegeze udongo hadi kina cha sentimita 40. Usifanye hivyo udongo ukiwa umelowa, utakuwa tofali.
2. Tandaza mboji iliyoiva, unene wa sentimita 5. Kitalu cha mita za mraba 10 kitahitaji nusu mita ya ujazo. Ichanganye na sentimita 20 hadi 25 za juu.
3. Samadi mbichi huunguza mizizi na huleta mbegu za magugu. Iache ikae miezi mitatu minne kwanza.
4. Baada ya kupanda, funika kwa matandazo ya magome au majani makavu, unene wa sentimita 5 hadi 8, ukiacha duara la sentimita 10 bila kitu kuzunguka kila shina.

Miti: nafasi ya mizizi kwanza

Shimo la mita moja kwa mita moja lililozungukwa na lami lina udongo usiofika hata mita moja ya ujazo. Mti mdogo unahitaji mita 5 hadi 10 za ujazo, na mti mkubwa wa kivuli mita 20 hadi 30. Mti uliofungiwa hudumaa, au hupenyeza mizizi juu na kuinua vigae vya njia, kisha hukatwa kwa kosa ambalo si lake.

Dawa yake ni mtaro wa pamoja. Mtaro wa mita 30 kwa 2, wenye kina cha sentimita 80, una mita 48 za ujazo. Miti mitano ikigawana humo, kila mmoja hupata karibu mita 10. Pale ambapo njia ya miguu lazima ipite juu ya mtaro, jaza mchanganyiko wa kokoto zilizovunjwa za sentimita 2 hadi 4 na udongo wa tifutifu wenye mfinyanzi kiasi, asilimia 80 kwa 20 kwa uzito, na ushindilie kwa tabaka za sentimita 15. Kokoto hubeba uzito wa njia, udongo hubaki kwenye mianya, mizizi hupita humo. Kokoto ziwe na pembe kali. Za mtoni ni duara na huteleza zikishindiliwa. Kwa kuwa udongo humo ni mchache, mtaro wa aina hii uwe mpana zaidi.

Kuhusu upandaji wenyewe, makosa makubwa ni ya kina. Shimo liwe na upana mara mbili au tatu ya bonge la mizizi, lakini lisiwe refu kuliko bonge hilo. Mahali shina linapopanuka kuingia mizizini paonekane juu ya ardhi. Mti uliozikwa sentimita 10 zaidi huonekana mzima kwa mwaka mmoja au miwili, kisha hufa taratibu na watu hulaumu wadudu. Usiweke mboji chini ya bonge, kwa sababu itaoza na mti utazama. Mizizi iliyojizungusha ndani ya kiriba ikatwe kwa kisu pande tatu nne kabla ya kupanda. Nguzo za kuegemea zifungwe chini, theluthi moja ya urefu wa shina, kwa ukanda mpana wenye kulegea kidogo, na ziondolewe baada ya mwaka. Waya ulioachwa shinani hunyonga mti.

Usipande aina moja mji mzima, hata kama ndiyo inayopatikana kitaluni. Kanuni inayotumika sana ni ya 10, 20 na 30: spishi moja isizidi asilimia 10 ya miti yote, jenasi moja (kundi la spishi za karibu) asilimia 20, familia moja (kundi la jenasi za karibu) asilimia 30. Miji ya Ulaya na Marekani iliyopanga mitaa mirefu ya mti wa elm peke yake ilipoteza mingi ugonjwa mmoja ulipoingia katika karne ya 20.

Chini ya miti, vichaka na mimea ya kutambaa hupandwa kwa msongamano unaofunika ardhi ndani ya mwaka, maana ardhi tupu ni mwaliko kwa magugu. Nafasi ya sentimita 40 ni miche 6 kwa mita ya mraba. Nafasi ya sentimita 30 ni miche 11. Kwenye kona za barabara mimea isivuke sentimita 60 ili dereva aone mtoto. Matawi yainuliwe hadi mita 2.5 juu ya njia ya miguu na mita 4.5 juu ya barabara. Njia iwe na upana wa sentimita 180 ili viti viwili vya magurudumu vipishane, na viti vya kukalia viwe na kimo cha sentimita 42 hadi 45.

Vigae na sanaa ya udongo: chagua kinachofaa mahali pake

Hapa ndipo fedha nyingi hupotea, kwa kuwa uzuri wa kigae mezani hausemi lolote kuhusu maisha yake nje.

Swali la kwanza ni kiasi gani cha maji kigae kinanyonya. Pima mwenyewe. Kausha kipande kwenye oveni, kipime uzito, kichemshe kwa saa tano, kiache kwenye maji hayo hadi kesho yake, kifute kwa kitambaa chenye unyevu na ukipime tena. Kipande cha gramu 500 kikifika gramu 512 kimenyonya asilimia 2.4. Mahali penye baridi ya kugandisha, usivuke asilimia 3, na chini ya 0.5 ni salama zaidi, kwani maji yaliyonyonywa hupanuka yakiganda na kukipasua kigae vipande vipande. Mahali pasipoganda, kigae cha asilimia 10 kinaweza kuishi ukutani, lakini si kwenye benchi wala sakafuni.

Swali la pili ni utelezi. Glezi, yaani lile tabaka la kioo linaloyeyushiwa juu ya kigae, huteleza ikilowa. Ngazi maarufu ya Caltagirone huko Sisilia ina vidato 142, na tangu mwaka 1954 imepambwa kwa vigae vya rangi. Lakini vigae viko kwenye uso wa wima wa kila kidato tu, na sehemu inayokanyagwa ni jiwe la volkano. Fuata mpango huo bila kubadilisha: glezi wima, jiwe au kigae kikavu kisicho na glezi mlalo.

Kwa mji wenye bajeti ndogo, mozaiki, yaani picha ya vipande vya vigae vilivyovunjika, ndiyo pa kuanzia. Haihitaji tanuri, mabaki ya viwandani na ya mafundi hupatikana kwa bei ya chini au bure, na wakazi wasio na ufundi wanaweza kushiriki. Benchi la Park Güell limepambwa kwa vipande kama hivyo, na Rock Garden ya Chandigarh nchini India, iliyofunguliwa kwa umma mwaka 1976, ilitengenezwa kwa taka za mji, vyombo vya udongo vilivyovunjika vikiwemo. Vigae vya kufinyanga kwa mkono viachwe kwa sehemu chache zenye maana: majina ya mitaa, namba za nyumba, historia ya soko, mlango wa bustani.

*Kufinyanga na kuchoma.* Udongo hupungua ukikauka na ukichomwa. Chora mstari wa sentimita 10 kwenye kibao cha udongo mbichi na uupime baada ya kuchoma. Ukiwa sentimita 8.8, upungufu ni asilimia 12, kwa hiyo ukitaka kigae cha sentimita 20, kata 20 ÷ 0.88 = sentimita 22.7. Changanya asilimia 15 hadi 25 ya chenga za vyungu vilivyochomwa na kusagwa. Hupunguza kujikunja na kupasuka. Unene uwe milimita 10 hadi 12. Kausha kati ya mbao mbili kwa wiki moja hadi mbili ukigeuza kila siku. Kigae kinachokaushwa juani hukauka upande mmoja na kukunjamana kama jani, na hakuna tanuri itakayokinyoosha.

Uchomaji wa kwanza: panda polepole hadi chini kidogo ya nyuzi 100 na ukae hapo saa mbili au zaidi, kwani maji yaliyobaki yakigeuka mvuke ghafla hukilipua kigae na kuharibu majirani zake. Endelea kwa nyuzi 100 kwa saa, ukipunguza kasi kati ya 550 na 600, kwa sababu kwenye nyuzi 573 mchanga wa kwatsi uliomo hubadilika umbo na kutanuka. Maliza kati ya 950 na 1,000. Baada ya glezi, udongo wa kawaida mwekundu huishia nyuzi 1,000 hadi 1,150, na udongo mgumu wa kunyonya kidogo 1,200 hadi 1,300. Usifungue tanuri likiwa juu ya nyuzi 100. Nyufa ndogo kama utando kwenye glezi maana yake glezi imesinyaa kuliko mwili wa kigae. Kuongeza kwatsi kwenye glezi hutibu mara nyingi. Usitumie glezi yenye risasi, hasa kwenye karakana ambako watoto wanafanya kazi.

Idadi: vigae vya sentimita 10 vyenye mwanya wa milimita 3 ni 94 kwa mita ya mraba. Ukuta wa mita za mraba 12 unahitaji 1,128. Tengeneza 1,240. Asilimia kumi ya ziada ni ya akiba ya ukarabati, si ya kugawia wageni. Kila kigae kichorwe namba nyuma kabla ya kuchomwa, na ramani ya namba ihifadhiwe nakala mbili.

Kubandika: kwa nini vigae vya nje hudondoka

Adui ni maji yanayotoka nyuma. Ukuta unaozuia udongo wa kitalu hunyonya unyevu, unyevu hubeba chumvi, chumvi hukauka nyuma ya kigae na kukisukuma nje. Unga mweupe kwenye mianya ndiyo onyo la mapema. Ukuta wa aina hiyo upakwe kizuia maji upande wa udongo, uwekewe tabaka la kokoto na bomba lenye matundu chini, ndipo ufukiwe. Ukuta ukiwa umekwisha jengwa bila hayo, tafuta ukuta mwingine.

Utaratibu:

1. Acha zege jipya likae siku 28. Husinyaa likikomaa, na litavuta vigae.
2. Kwangua rangi, jasi na lipu inayolia tupu ukiigonga. Usibandike juu ya mbao laini za plaiwudi. Piga lipu mpya ya saruji moja kwa mchanga minne, unene wa milimita 15, na uilowanishe kwa wiki nzima.
3. Kinga ukuta na jua kwa turubai. Gundi ya vigae ikipigwa na jua hufanya ngozi ndani ya dakika 10 hadi 15. Kigae hushika kwa siku chache, kisha hutoka kizima bila gundi mgongoni.
4. Tumia gundi ya saruji iliyoongezwa polima, ya kazi za nje. Paka ukutani kwa mwiko wa meno ya milimita 8 hadi 10, na paka tabaka jembamba mgongoni mwa kigae pia. Kila baada ya vigae kumi bandua kimoja ukitazame: gundi iwe imefunika asilimia 95. Matundu yaliyobaki hujaa maji.
5. Kama mozaiki ilipangwa karakanani kwenye wavu, gundi nyeupe ya mbao isitumike kushikilia vipande. Huyeyuka tena ikilowa na mchoro mzima huteleza.
6. Acha viungo vya kupumulia, yaani mianya laini ya kuachia vigae vitanuke, kila baada ya mita tatu, wima na mlalo, na kila mahali ukuta wenyewe una kiungo. Vijazwe silikoni ya nje, visijazwe saruji. Mafundi huviruka kwa sababu vinakata mchoro. Mbunifu avifiche kwenye shina la mti au ukingo wa umbo tangu kwenye karatasi.
7. Jaza groti, yaani saruji laini ya mianya, baada ya saa 24, futa kwa sponji yenye unyevu kidogo, kisha nyunyizia maji kwa siku tatu.
8. Juu ya ukuta weka kofia ya zege inayotokeza sentimita 3 hadi 4, yenye mfereji mdogo chini yake wa kudondoshea maji. Benchi liwe na mteremko wa asilimia 2.

Pitisha kiganja kila mahali chini ya kimo cha sentimita 180. Ncha inayokukwaruza wewe itamkata mtoto. Wakati wa kuvunja vigae, miwani ni lazima kwa kila aliyemo chumbani, hata anayetazama.

Maji ya kuoshea groti na zana yana chokaa kali. Yakimwagwa kitaluni huua mimea, na athari hubaki. Yamwagwe kwenye pipa, yatulie, mashapo yatupwe na kifusi.

Vyungu vikubwa vya mapambo viwe na upana wa sentimita 50 au zaidi; vidogo hukauka kutwa moja na huibwa. Viwe na matundu ya sentimita 2 na miguu ya kuviinua. Kokoto chini ya chungu hazisaidii: maji hutuama juu yake na mizizi hubaki kwenye tope.

Ratiba hupangwa kinyumenyume

Anza na tarehe ya mvua, kisha rudi nyuma. Kupanda ni wiki ya kwanza mvua zikishika. Vigae vya kuta zilizo nyuma ya vitalu viwe vimemalizika wiki tatu kabla. Hiyo inamaanisha kuta zimejengwa miezi miwili kabla ya kubandika, na karakana imeanza kufinyanga miezi minne kabla, kwani kukausha na kuchoma mara mbili hakuharakishwi. Mabomba na mitaro hutangulia vyote. Tarehe ya uzinduzi ya viongozi isiruhusiwe kuvunja mpangilio huu. Wakija mapema, wazindue karakana.

Fedha na utunzaji

Tenga theluthi moja ya bajeti kwa miaka mitatu ya kwanza ya utunzaji, iwekwe kwenye akaunti tofauti kabla ya kazi kuanza. Mtunzaji awe mmoja anayejulikana kwa jina, mwenye stoo yenye kufuli, bomba la maji lililo karibu na simu ya kuripotiwa uharibifu. Kazi zake: kumwagilia kwa hesabu ya hapo juu, kuokota taka kila siku, kung'oa magugu kila wiki kabla hayajatoa mbegu, kuongeza matandazo na kulegeza kamba za miti kila msimu. Taka ikikaa siku mbili, ya pili huifuata.

Wachuuzi waliokuwa kwenye njia hiyo wapewe nafasi kwenye mchoro tangu mwanzo: sakafu ngumu, kivuli, pipa la taka, bomba. Wakifukuzwa watarudi na kusimama juu ya maua, na watu waliokuwa wakiwafuata hawatakuja tena. Hatari nyingine ni kodi ya pango. Mahali pakipendeza, wenye nyumba hupandisha bei na wapangaji waliovumilia miaka mibaya huondoka. Muda wa kuzungumzia ukomo wa ongezeko ni pale mwenye nyumba anapoomba ukuta wake upambwe.

Mara mbili kwa mwaka, gonga kila kigae kwa mpini wa mbao. Sauti tupu ni kigae kilichoachia. Kwangua groti pande zote nne kwanza, kisha kitoe kwa patasi nyembamba ukianzia katikati ya mwanya. Ukianza kwa nyundo, utavunja majirani wanne. Bandika cha akiba chenye namba ileile. Vikidondoka vitatu au zaidi mahali pamoja, acha kubandika na utafute maji yanatokea wapi.

Baada ya mwaka, rudia hesabu ya dakika 15, saa zilezile, mahali palepale. Hesabu pia milango ya maduka iliyo wazi na miti iliyo hai. Miti iliyokufa ikizidi mmoja kati ya kumi, fedha za awamu ya pili ziende kwenye maji.